Mheshimiwa Kwenye Sinki la Kinyozi

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani wote walimwita Sawasawa, kwa kuwa kila alipomaliza kumnyoa mtu alishika kioo kidogo nyuma ya kisogo chake, akakiinamisha kushoto, akakiinamisha kulia, kisha akauliza, "Sawasawa?" Na mteja, hata kama kapewa mtindo asiouomba, alijikuta akijibu, "Sawasawa," akavaa kofia na kwenda zake.

Alikuwa kinyozi mzuri, tusimwonee. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ndani mlikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kikizunguka na kingine kikikataa, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kwenye kona sinki la kuoshea nywele, lenye pengo la kulaza shingo. Kando ya sinki lilikaa birika la umeme, la kupashia maji asubuhi za baridi. Pazia la maua lilitenganisha duka na sebule. Mlangoni alilala Sajenti, mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia ambaye wateja walimruka kama wanavyoruka kizingiti, naye hakufungua hata jicho.

Mkewe alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi, ile sauti inayowaambia abiria kwamba basi lao limechelewa, na wao wakajikuta wanashukuru. Waliishi vizuri. Kama palikuwa na kitu kilichomtia Sawasawa tumbo joto katika ndoa yake, kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kukagua. Hakuwahi kumsema vibaya mkwewe. Ila hakuwahi kumsema vizuri pia. Siku Sawasawa alipokwenda kujitambulisha kwake mara ya kwanza, mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akatua kikombe chake mezani, akauliza, "Na mbali na kunyoa, unafanya nini?" Tangu siku hiyo Sawasawa alikuwa anatafuta jibu.

Ndiyo maana mama mkwe alipopata nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika mji anakoishi mwanawe wa kiume, na akatafuta mtu wa kumwachia paka wake, Sawasawa alijitokeza kabla hajaulizwa.

"Mlete hapa, mama. Atakaa kama kwake."

Paka huyo aliitwa Mheshimiwa, na jina lilimkaa. Alikuwa wa kijivu, mnene, mwenye kifua cheupe kama shati la mtu anayekwenda mkutanoni, na alikuwa na namna ya kukutazama kana kwamba umemletea ombi naye hajaamua kulisoma. Aliletwa na kapu lake, bakuli lake na mto wake.

"Mkwe," alisema mama, akipapasa hewani kidogo kumtafuta alipo, maana macho yalikuwa yamebaki ukungu mtupu, "Mheshimiwa hali mabaki. Hanywi maji yaliyolala. Hapendi kelele."

"Naam, mama."

"Nikirudi nimkute kama nilivyomwacha."

"Zaidi ya ulivyomwacha, mama," akasema Sawasawa. Hapo ndipo alipojiponza.

Siku za kwanza zilipita salama. Mheshimiwa alikichagua kile kiti kisichozunguka, akakaa juu yake kutwa akiangalia watu wanavyopunguzwa. Sajenti alimnusa mara moja, akapigwa kofi la pua, akarudi kulala. Tatizo lilianza Mheshimiwa alipoanza kujikuna. Alijikuna shingo, akajikuna mbavu, akasimama katikati ya hatua kujikuna tumbo kwa mguu wa nyuma, heshima yote imemtoka.

Miongoni mwa wateja wa kudumu wa Sawasawa alikuwako dalali wa nyumba, mtu wa maneno mengi na gari dogo jeupe, aliyekuja kunyolewa kila alipokuwa na mteja wa maana wa kumwonyesha nyumba. Siku moja, akiwa amefungwa lile shuka jeupe la kinyozi shingoni, Dalali aliinamisha macho kwenye mapaja yake.

"Sawasawa, hiki ni nini? Punje ya pilipili?"

"Ni unywele huo, bosi."

"Unywele umeruka."

Duka zima likacheka, na Sawasawa akatokwa na jasho jembamba. Kinyozi anaweza kusemwa kwamba anakata vibaya, watu watarudi. Akisemwa kwamba ana viroboto, afunge mlango atafute kazi nyingine. Zaidi ya hapo, aliwaza, mama atakuta paka wake amejaa viroboto nyumbani kwangu. Atasema mbwa wangu ndiye aliyemwambukiza.

Asubuhi iliyofuata, mkewe alipokwisha kwenda kazini, Sawasawa alifungua kabati na kutoa dawa ya viroboto ya Sajenti, ile ya kichupa kidogo cha plastiki unachokata ncha na kudondoshea shingoni. Kilikuwa kimebaki kimoja kwenye boksi. Alifikiri kwa makini, kwa sababu hakuwa mtu wa kukurupuka. Sajenti ni mkubwa, hupewa kichupa kizima. Mheshimiwa ni mdogo. Basi apewe nusu. Aliona ametumia akili sana. Akamshika paka, akatenganisha manyoya ya kisogo kwa kitana kama anavyofanya kwa mteja, akadondosha nusu, akatupa kichupa na boksi kwenye pipa la nywele, akafungua duka huku akipiga mluzi.

Hadi jua linapanda, Dalali alikuwa kwenye kiti kinachozunguka, kichwa chake kimeshanyolewa upande wa kulia na wa kushoto bado. Kwenye benchi la kungojea alikaa Mstaafu, mzee mmoja aliyekuwa na upara unaong'aa kama sahani, asiyekuwa na unywele hata wa dawa, lakini aliyekuja pale kila siku kusoma gazeti la duka na kuwapa watu ushauri.

"Paka wako anacheza," alisema Mstaafu, akilishusha gazeti.

Sawasawa aligeuka. Mheshimiwa alikuwa anatikisa mguu wa mbele kama aliyekanyaga maji. Kisha masikio yakaanza kurukaruka, moja, jingine, yote mawili.

"Anamkumbuka mama," akasema Sawasawa, akaendelea kunyoa.

"Na hayo mate ni ya kumkumbuka mama?"

Kifua cheupe cha Mheshimiwa kilikuwa kimelowa chapa. Udenda ulimtoka kama mtoto anayeota meno. Ngozi ya mgongo ilikuwa inatambaa yenyewe, mawimbi mawimbi. Alijaribu kuruka chini kutoka kwenye kiti. Paka huyo, ambaye alikuwa anashuka kutoka juu ya kabati bila kutoa sauti, alianguka kwa ubavu, pwaa, kama mkoba. Akasimama, akaenda upande kama mlevi, akajigonga kwenye mguu wa benchi.

Mashine ya kunyolea ilizimika mkononi mwa Sawasawa, au yeye aliizima, hakukumbuka baadaye.

"Amekula sumu huyo," akasema Mstaafu, akisimama kwa furaha ya mtu aliyengoja siku kama hiyo tangu aache kazi. "Leteni maziwa. Maziwa yanafukuza sumu yote. Hakuna maziwa? Mafuta ya kula. Mtie kidole kooni atapike. Au ngoja, mimi hapa nina vidonge vya kichwa, tumsagie kimoja apunguze maumivu."

Sawasawa alishachukua chupa ya mafuta jikoni, kisha akasita. Akaamua kumpigia mkewe kwanza.

Sasa, mkewe alikuwa kwenye kibanda chake cha kioo kituoni, ametoka tu kutangaza basi la kwenda kaskazini, kidole chake bado kiko kwenye kitufe cha kipaza sauti. Aliweka simu sikioni kwa mkono mwingine.

"Mke wangu, Mheshimiwa anatetemeka. Anatoka mate, anaanguka."

"Amekula nini? Kuna kitu amelamba? Kuna kitu kimemgusa?"

"Hajala kitu. Nimempaka tu dawa ya Sajenti ya viroboto."

Kilichofuata walikisikia abiria wote, wapagazi, wauza maji, na inasemekana hata watu wa sokoni ng'ambo ya barabara, kwa ile sauti nzuri isiyo na haraka:

"Umempaka paka wa mama dawa ya mbwa?"

Kituo kizima kikageukia kibanda. Kisha, baada ya mkwaruzo na kishindo cha kitufe kuachiwa, mke aliendelea kwa sauti ya chini. "Usimpe kitu chochote. Hata maji. Mpigie daktari wa wanyama, yule aliyemchanja Sajenti. Mwambie ukweli, usimung'unye maneno. Mimi naomba ruhusa nakuja."

Sawasawa akapiga. Simu ilipokelewa na msaidizi wa kliniki.

"Dada, nisaidie, Mheshimiwa anatetemeka mwili mzima! Mate yanamtoka!"

"Mheshimiwa?" Msaidizi alishtuka. "Mheshimiwa wa wapi? Kaka, mpelekeni hospitali ya watu, hapa ni kliniki ya wanyama."

"Ni mnyama!"

"Usimtukane, kaka, hata kama hukumpigia kura."

"Ni paka! Anaitwa Mheshimiwa! Ni paka wa mama mkwe wangu!"

Pakawa na mvutano wa simu upande wa pili, na daktari mwenyewe, mwanamke mwenye sauti kavu ya mtu anayeumwa na mbwa wa watu kila siku, akaichukua. Alitaka kujua dawa ni ipi. Sawasawa hakujua jina. Boksi liko wapi? Liko kwenye pipa. Basi alitoe. Sawasawa akapiga magoti akazamisha mkono kwenye nywele za wateja wa siku nzima ya jana, nyeusi, nyeupe na za kupaka rangi, akaibuka na boksi limeota ndevu. Akasoma jina la dawa kwa kuunga herufi.

"Tazama upande wa mbele," alisema daktari. "Kuna picha?"

"Kuna picha ya mbwa."

"Na nyingine?"

Sawasawa alipuliza nywele. Kulikuwa na picha ndogo ya paka, na juu ya paka mstari mwekundu uliomkata kutoka sikio hadi mkia.

"Kuna paka amepigwa mstari," akasema taratibu.

"Kama mbu kwenye kopo la dawa ya mbu," akaongeza Dalali, ambaye alikuwa anachungulia begani kwake. Hakuna aliyecheka. Hata yeye mwenyewe alijuta.

"Nilimpa nusu tu, daktari."

"Hata tone moja limezidi. Dawa hiyo mwili wa mbwa unaivunja ukaitoa, wa paka hauwezi. Inamchoma mishipa ya fahamu. Sasa nisikilize. Anatetemeka tu, au ameanguka anajinyonganyonga hajitambui?"

"Anatetemeka. Lakini ananitambua. Ananitazama vibaya."

"Vizuri. Una sabuni ya maji ya kuoshea vyombo? Muoshe pale ulipompaka, shingo na mgongo, kwa maji ya uvuguvugu. Si ya moto, ya moto yanaiingiza dawa mwilini haraka. Suuza mpaka utelezi uishe. Mkaushe, mfunge taulo, uje naye hapa na hilo boksi. Akianza kukakamaa, acha kuosha uje hivyo hivyo. Na usimpe maziwa, usimpe mafuta, usimtapishe, akipaliwa atakufia mikononi. Dawa za watu ndiyo usithubutu kabisa. Kidonge kimoja cha maumivu kinatosha kumuua paka."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mstaafu alivirudisha vidonge vyake mfukoni pole pole, akaketi, akalifunika gazeti usoni.

Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na vifaa vya kumwosha paka shingo, ni Sawasawa. Sinki lilikuwepo, birika lilikuwepo, pengo la shingo lilikuwepo. Alichanganya maji kwa kiwiko kama anavyofanya kwa watoto wa wateja. Dalali, shuka bado liko shingoni na nusu ya kichwa ikiwa msitu, alishika miguu minne kwa mikono miwili, hesabu ambayo haikumtosha. Mheshimiwa alikuwa mgonjwa, lakini si mgonjwa wa kukubali sinki. Alimkwangua Dalali kwenye ndita za uso, akamchana Sawasawa kiganja, akatoa mlio uliomfanya Sajenti, kwa mara ya kwanza tangu anunuliwe, aondoke mlangoni na kwenda kukaa nje ya geti.

"Jikaze kisabuni, kaka!" alipiga kelele Dalali, povu limemjaa puani.

Sawasawa alijikaza. Akapaka sabuni, akasugua kwa ncha za vidole, akasuuza, akapaka tena. Mikono ilitulia yenyewe mara ilipokutana na kazi inayoijua. Na kwa mazoea, bila kujisikia, akainama sikioni mwa Mheshimiwa akauliza, "Maji sawasawa?" Jibu alilipata kwenye kidole gumba.

Gari lilikuwa la Dalali, hivyo dereva alikuwa Dalali. Hapakuwa na wakati wa kumaliza kichwa. Walipita barabara kuu hivyo hivyo, dereva mwenye nywele upande mmoja amevaa shuka jeupe linalopepea dirishani, na pembeni yake mtu aliyelowa mpaka kiunoni, ana damu mikononi, amekumbatia taulo. Kwenye makutano askari wa barabarani aliwasimamisha. Aliinama dirishani. Alimtazama Dalali upande wa kulia. Akazunguka gari, akamtazama upande wa kushoto. Akatazama taulo. Taulo likamkoromea.

"Nendeni tu," alisema askari.

Ilikuwa karibu na kliniki pale mchezo ulipoisha. Mheshimiwa alikakamaa mapajani mwa Sawasawa, miguu imenyooka kama vijiti, kichwa kimepinda nyuma, macho wazi hayaoni kitu. Sawasawa hakuwa amewahi kumpenda mnyama huyo. Alimwogopa tu, kama unavyoogopa kuvunja sahani ya kuazima. Lakini alipouona ule mwili mzito unapigwa na kitu ambacho yeye amekidondosha kwa mkono wake mwenyewe, tena akipiga mluzi, alimvuta kifuani pamoja na taulo. "Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Samahani, baba. Samahani." Dalali alikanyaga mafuta.

Daktari aliwapokea mlangoni. Alisoma boksi kwa jicho moja huku jingine liko kwa mgonjwa, akachoma sindano ya kulegeza misuli, akanyoa kipande cha mguu wa mbele, akaingiza dripu. Pole pole ile miguu ya vijiti ikawa miguu tena.

"Mmefanya vizuri kuwahi," alisema, "na kuja na boksi. Wengi wanakuja wamechelewa, paka amenyweshwa chupa ya mafuta, na hawasemi walichompa kwa sababu wanaona aibu. Huyu nitamlaza. Siwezi kukuahidi kitu leo."

Chumba cha kungojea kilikuwa na mama mmoja mwenye kasuku na kijana mwenye sungura. Wote, pamoja na kasuku, walikuwa wanaangalia kichwa cha Dalali. Ndipo alipokumbuka. Alijipapasa upande wa kulia, akajipapasa wa kushoto, akatoka nje kumpigia mteja wake kwamba nyumba ataiona siku nyingine.

Mke alifika akiwa bado na kitambulisho cha kituo shingoni. Alikuwa amejiandaa kumgombeza mumewe njia nzima. Alipomkuta ameketi sakafuni mbele ya kile kizimba, shati limelowa, anamhesabia paka pumzi, aliketi kando yake tu.

Jioni hiyo simu ya mama mkwe ikaingia. Alikuwa amefanyiwa jicho la kwanza, limefunikwa pamba, na alitaka kumsikia Mheshimiwa. Si kumwona, kumsikia. "Mwekeni karibu na simu."

Mume na mke wakatazamana. Mke akavuta pumzi, akaigeuzia simu mdomo, na kwa ile sauti iliyozoea kutangaza mabasi, akalia "Nyau" refu, wazi, lenye vituo.

Mama akauliza, "Ana mafua?"

"Kidogo tu, mama."

"Mfunikeni."

Mheshimiwa alikaa kliniki siku kadhaa. Kila alipofunga duka Sawasawa alikwenda, akaketi karibu na kizimba, akamsimulia habari za wateja. Siku paka alipoinua kichwa, akamtambua, akamkoromea kwa chuki kamili, daktari alitabasamu na kusema amepona. Sawasawa alikwenda nyuma ya kliniki akajifanya anafunga viatu, kumbe alikuwa amevaa kandambili.

Nyumbani wakapanga mambo. Mheshimiwa alikuwa mzima, anakula, anatembea vizuri. Kilichobaki ni kile kipande cha mguu kisicho na manyoya. Mke aliamua watasema paka alijikwaruza kwenye uzio, akapakwa dawa, yakaisha. Kwa nini wamtie mama presha, ametoka kwenye upasuaji? Sawasawa alikubali haraka sana.

Mama mkwe akarudi, macho yote mawili mapya. Kituoni mpagazi mmoja alimbebea begi, akamwambia kwa heshima, "Pole sana kwa habari za paka, mama. Tulisikia wote." Mke akakohoa mpaka wapita njia wakageuka, akasema mpagazi anauliza habari za safari.

Na jinsi macho yale yalivyokuwa yanaona! Mama aliingia sebuleni akasimama katikati kama aliyeingia darasani bila taarifa. Aliona utando wa buibui juu ya pazia. Aliona kikombe kimeliwa ukingo. Akamtazama Sawasawa kwa muda mrefu. "Kumbe una mvi, mkwe," alisema. "Nilikuwa nadhani wewe ni kijana."

Kisha Mheshimiwa akaja, mkia juu, akajisugua miguuni pake. Mama akamwinua, akamgeuza, akaushika mguu wa mbele kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani amemnyoa?"

"Alijikwaruza kwenye uzio, mama," alianza mke, vizuri, bila haraka.

"Sikuuliza kilichotokea. Nimeuliza nani amemnyoa." Aliuleta mguu karibu zaidi na macho yake mapya. "Maana tazama. Huku kimeingia ndani, huku kimebaki kisiki, huku ngazi. Mkwe, kama hivi ndivyo unavyonyoa watu, sishangai kuona kile kiti kingine hakina mtu."

Sawasawa alikuwa amejiandaa kwa maswali yote. Hili hakulitarajia. Kwa miaka yote mama hakuwahi kusema lolote juu ya kazi yake, na leo anasema, na anasema juu ya kazi ya mtu mwingine. Alijaribu kumeza. Halikumezeka.

"Mama, hiyo si kazi yangu!" ilimtoka. "Mimi nisingeacha ngazi hata kwenye mguu wa panya! Hiyo ni kazi ya daktari, alikuwa anatafuta mshipa wa kuweka dripu!"

Mke alifumba macho.

"Dripu," alisema mama.

Basi ikabidi yatoke yote. Sawasawa alisimama katikati ya sebule akaeleza tangu kiroboto wa Dalali mpaka kizimba cha kliniki, na mama akamhoji kama anavyohoji mwalimu mkuu aliyepoteza madawati.

"Nusu?"

"Nusu, mama."

"Kwa nini nusu?"

"Kwa sababu ni mdogo."

"Na picha hukuiona."

"Niliiona kwenye pipa."

"Na ile sauti ya paka niliyoisikia kwenye simu?"

Mke alinyoosha mkono, kama mwanafunzi.

Mama aliketi. Aliweka mkono juu ya mgongo wa paka, na wote wawili wakangoja hukumu. Alipofungua mdomo, sauti yake haikuwa ya ukaguzi.

"Hao viroboto. Alikuwa nao wengi?"

Sawasawa alisita. "Kiasi, mama."

"Basi alikuja nao." Alipekua manyoya kwa vidole, akayatazama karibu, kama mtu anayesoma barua aliyoipata imechelewa. "Nilikuwa namsikia anajikuna. Nikadhani ni starehe. Nilikuwa sioni kitu, mkwe. Hata chakula chake nilikuwa nakipima kwa kukinusa. Sikutaka kumwambia mtu."

Mke akasogea karibu na mama yake. Sawasawa, kwa kukosa pa kuiweka mikono, alianza kumweleza jinsi alivyomwosha, na pale alipofika kwenye "Maji sawasawa?" na kidole gumba, mabega ya mama yalianza kutikisika. Kwanza walidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha chini kwa chini ambacho binti yake mwenyewe hakukumbuka lini alikisikia mara ya mwisho.

"Nikienda tena," alisema akijifuta yale macho mapya, "Mheshimiwa nitamwacha hapa hapa."

"Hapa, mama? Baada ya yote haya?"

"Hakuna mtu mwingine ninayemjua atakayemwogopa kiasi hiki."

Kisha ukaguzi ukarudi. Aliamuru kabati lifunguliwe. Dawa za Sajenti zikahamishiwa sanduku lake lenye komeo, dawa za watu rafu ya juu, rangi za nywele na sumu ya panya ndani ya boksi la bati nje ya nyumba. Akaomba namba ya daktari, akampigia hapo hapo, akajitambulisha kwa cheo chake cha zamani, akauliza kuna dawa gani ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya paka hasa. Daktari alijibu kwamba ipo, lakini hutolewa kwa uzito. Paka ana uzito gani?

Hakuna aliyejua. Mheshimiwa alikataa kusimama kwenye mzani wa bafuni, alishuka kila alipopandishwa. Ikabidi Sawasawa apande peke yake, apimwe, kisha apewe paka apande naye tena, watoe tofauti. Mama mkwe aliinama juu ya mzani, mikono iko kwenye magoti, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, akapiga hesabu kichwani.

"Mheshimiwa yuko vizuri kabisa," alisema akinyooka. "Wewe, mkwe, punguza chakula cha jioni."